Mpango wa Biashara Usubiri, Mwanafunzi Auze Kwanza

Mwanafunzi wa chuo cha kiufundi hapa Kisumu anaweza kufaulu ujasiriamali bila kumwuzia mtu hata fungu la nyanya. Anaandika mpango wa biashara wenye jalada zuri na makadirio ya faida ya miaka ijayo. Aliyechelewa hukimbilia saiba, duka la kompyuta na uchapishaji, akachapiwa wa mwenzake wa mwaka jana, jina la biashara likageuzwa na mtaa ukatoka Kondele ukaenda Nyalenda. Mkufunzi anasahihisha, alama zinaingia, cheti kinatoka. Ninafundisha somo hili, na jambo hili linaniuma, maana wengi wa vijana hao hawatapata ajira na watalazimika kuuza kitu ili wale.

Somo lenyewe silipingi. Limekuwa katika vyuo vya ufundi nchini tangu miaka ya 1990, na lililetwa kwa sababu nzito: ajira za ofisini hazikuwatosha wahitimu, huku jua kali, yaani biashara na kazi ndogo ndogo za kujiajiri, ikilisha familia nyingi. Kinachonisumbua ni njia tunayolifundishia. Maana ya mjasiriamali, sifa zake, vyanzo vya mtaji, kariri, mtihani.

Upo utafiti wa Dandora, Nairobi, uliochapishwa 2018 na wanauchumi Brooks, Donovan na Johnson, ambao natamani kila mkuu wa chuo ausome. Wanawake wenye biashara changa waligawanywa. Baadhi walipelekwa darasani kusomea biashara, na wengine wakaunganishwa na mama aliyebobea katika biashara mtaani humo humo, wawe wanakutana na kuzungumza. Darasa halikuwaongezea faida. Waliopata mlezi, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20, na mchango mkubwa ulitokana na kuelekezwa kwa wauzaji wa jumla wenye bei nafuu. Habari kama hiyo huipati kitabuni. Anayo mtu, tena hubadilika msimu kwa msimu.

Darasa nalo lina nafasi yake, na ushahidi tunao karibu na nyumbani. David McKenzie na Susana Puerto walifuatilia wanawake wafanyabiashara 3,537 katika masoko ya mashambani ya Kakamega, Kisii, Embu na Kitui. Waliopewa nafasi ya mafunzo mafupi ya Shirika la Kazi Duniani, miaka mitatu baadaye mauzo yao yalikuwa juu kwa asilimia 18 na faida kwa asilimia 15. Nionavyo mimi, hao walikuwa wamekwisha kulizoea soko, kwa hiyo somo likapata pa kushika. Mwanafunzi wetu wa miaka 19 hana kibanda wala mteja. Tukimwambia habari za mtaji wa kuzungusha, anaandika tu daftarini.

Basi apelekwe Kibuye, Jumapili soko likifurika, akae na mama wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria, kutoka asubuhi mpaka jioni. Atamwona akichota omena kwa kiganja, akiwavunja wawili watatu. Wakikatika kwa mlio, wamekauka. Wakipinda, gunia hilo litaota ukungu kabla halijaisha. Atamwona akipepeta mchanga na kutenga waliovunjika, kwa sababu yupo mnunuzi wa chakula cha kuku atakayewachukua. Gorogoro, mkebe wa kupimia, hujazwa mpaka kilima, kisha mteja wa kila wiki huongezwa kiganja kimoja juu, na nyongeza hiyo mama ameshaipigia hesabu tangu aliponunua gunia. Pesa ya mzigo ina mfuko wake, ya chama cha akiba ina wake, na mtoto akija kuomba nauli hapewi kutoka mfuko wa mzigo. Halafu mwanafunzi aulize, "Mama, ikifika Aprili unafanyaje?" Uvuvi wa omena upande wetu wa ziwa hufungwa Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, na jibu la mama huyo ndilo somo la kudhibiti bidhaa ghalani ambalo mimi hulieleza kwa mchoro ubaoni.

Najua watakaosema mama huyo hana vitabu vya hesabu. Wengi hawana, kweli. Hapo ndipo mkufunzi ana kazi: Jumatatu tukae na mwanafunzi, tuchukue alichokiona na tukiandike kama mapato, gharama na faida. Hesabu ikija baada ya soko, inaeleweka. Wiki inayofuata auze mwenyewe, kwa mtaji mdogo. Hazina ya Hasla, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, ilipozinduliwa Novemba 2022, mkopo wake wa chini ulikuwa Sh500, na kiasi hicho kinatosha kununua ndizi za kuchuuza au mandazi ya kuuza asubuhi. Alama zitolewe kwa daftari la mauzo. Aliyepata hasara na akaeleza kwa nini, apewe alama nzuri kuliko aliyebuni faida.

Mazoezi ya kazini tayari yamo katika kozi zetu, lakini wazazi wengi wanataka mtoto aende ofisi ya kaunti. Wanaona aibu akae sokoni, hata mzazi aliyemsomesha kwa pesa za soko hilo hilo. Hilo lizungumzwe wazi siku ya wazazi.

Na mama alipwe. Kumfundisha mtu kunakula muda wake wa kuuza, na chuo kinachomlipa mzungumzaji wa semina hotelini kinaweza kumpatia na yeye fungu lake. Kule Dandora faida ilififia mikutano na walezi ilipokoma, kwa hiyo wiki chache za kutimiza ratiba hazitoshi. Mwanafunzi aendelee kwenda sokoni hadi mwaka wa pili, na malipo ya mama yaingie katika bajeti ya chuo kila muhula, kama vile chaki na karatasi za mtihani.