Sikuwa nachungulia, nilikuwa natafuta oksijeni

Haya tulieni niwaambie mwenyewe, maana swahiba wangu kashatuma voisi kwenye grupu la mtaa na kwa alivyoieleza hata mimi ningejipiga mawe.

Yalianzia barazani, kwenye kahawa. Nikawaambia wazee ile darubini ya James Webb, iliyorushwa Krismasi ya 2021, imepima galaksi ambayo mwanga wake umesafiri miaka bilioni 13.1 na ikakuta mle oksijeni, haidrojeni na neoni. Mzee mmoja akaweka kikombe chini. "Nani alokwenda kuitia kwenye chupa akaileta?" Baraza zima kicheko, na mimi kuchekwa siwezi, ndio ugonjwa wangu. Nikasema kila elementi ina mistari yake ya rangi kama alama ya kidole, unaupasua mwanga unasoma, kesho usiku njooni juu ya nyumba yetu niwaonyeshe.

Boksi la viatu, nyembe mbili za kupata ufa mwembamba, kipande cha CD cha kupasulia mwanga. Wazee watatu wakapanda ngazi wanahema. Swahiba naye, simu imejaa chaji.

Sasa ukishatia jicho kwenye kile kitundu huoni tena unalenga wapi (mwenye akili angelenga kwanza, mimi nilitanguliza kujisifu). Nikageuza boksi polepole. Kiza. Kiza. Halafu mstari wa kijani ukawaka, mkali, umenyooka kama uzi. Na oksijeni ya zile galaksi inajulikana kwa mstari wa kijani, urefu wa wimbi lake nanomita 500.7. Moyo ukaruka! Nikapaza sauti, "Naiona! Wallahi naiona, iko wazi kabisa!" Wazee kimya. Nikadhani wamestaajabu. Nikaongeza, Mungu anisamehe, "Njooni mmoja mmoja muangalie!"

Dirisha likafunguliwa paa.

"WAANGALIE NINI, MTOVU WA ADABU WEWE?"

Nikatoa jicho. Mbele yangu dirisha la bafu la bi jirani, taa ya tyubu inawaka, na kopo la maji liko njiani linakuja.

Hapo ningenyamaza. Lakini nikaanza kueleza, nimeloa, boksi limelegea mkononi, "Bi mkubwa, nilikuwa natafuta oksijeni."

Ule ulikuwa mstari wa zebaki iliyomo ndani ya tyubu, nanomita 546, ningetulia ningejua. Na hata ningeilenga galaksi yenyewe nisingeona kitu jamani, ulimwengu unavyopanuka umeuvuta ule mwanga mpaka mstari umefika kama mikroni 4.8, yaani nanomita 4,800, infraredi hiyo, jicho la mtu halina habari nayo.

Mama akaenda kuomba radhi na sahani ya halua, mimi nyuma yake na miaka yangu thelathini na moja. Yakaisha. Barazani sasa ni "mpe Oksijeni kahawa".

Kilobaki ni ile CD. Dadangu anatafuta ya harusi yake tangu juzi, kapekua kabati zote. Akiwauliza, hamjasoma hapa.