Tubelaiti inanikonyeza

Jana umeme umerudi saa mbili usiku, watoto mtaa mzima hapa Majengo wamepiga ile kelele yao, mimi nikabaki naangalia dari. Bora hata giza. Tubelaiti ya sebuleni inawaka inazima, inawaka inazima, inanikonyeza kama tuna siri mimi na yeye.

Na ina miezi nane tu! Ile choki ya zamani, kile kidude cha ndani ya taa kinachodhibiti umeme wa tyubu, nzito kama kilo ya misumari, imenguruma humu miaka kumi na ushee, mgeni akiingia anauliza mashine ya kusaga iko wapi, lakini ilikuwa inawaka. Nikajifanya mstaarabu nikachukua ya elektroniki, nyepesi kama boksi la biskuti. Nikaambiwa haingurumi, haitaki stata, kale kadude ka kushtua tyubu iwake, inawaka papo hapo. Kweli kabisa. Na kufa inakufa papo hapo.

Asubuhi Mbuyuni. Duka la kwanza wakaniuzia tyubu, futi nne, nimeikumbatia kwenye bodaboda kama kichanga, kufunga inakonyeza. La pili wakaniuzia stata. Stata! Taa yenyewe haina hata tundu la stata.

Ndo nikaita fundi. Kaja na bisibisi moja na testa sikioni. Kaomba meza, mama watoto akamwangalia, akasema basi kiti kinatosha.

"Mzee, shika hapo."

Mimi? Katibu wa kamati ya harusi? Nimeshika kiti mkono huu, tochi ya simu mkono huu, vumbi la dari lote mdomoni, na yeye huko juu anahutubia.

"Unaiona hii kapasita? Imevimba." Kakopo kama kifuniko cha peni, kichwa kimetuna kama andazi, pembeni ubao umeungua rangi ya kahawa. "Joto la humu linaikausha, halafu umeme ukirudi unarudi na hasira. Choki ya zamani ni waya na chuma, inavumilia. Hii ina mambo mengi. Tyubu zako nzima, mzee."

Najua nzima, ninazo mbili!

"Umeme ukikatika uwe unazima swichi."

"Nikizima nitajuaje umerudi?"

"Utaona kwa jirani."

"Na jirani naye kazima, si umemfundisha wewe wewe?"

Akafikiri. Kafikiri kweli, mpaka bisibisi ikamponyoka ikatua utosini kwangu. Yaani ndo mpango huo, Majengo nzima tumezima swichi tunachunguliana madirishani na umeme upo tangu saa kumi! Pole mzee, anasema. Pole gani, shuka kwenye kiti changu!

Choki mpya kesho, akipata. Na kikao cha harusi ni Jumamosi, hapa hapa kwangu, mweka hazina kashasema yeye hela hahesabu kwenye taa ya kukonyeza, ila kadi yenyewe singo laki, dabo laki na nusu, na huyo bwana harusi wala hajawahi kunichangia hata soda, mara wanataka tarumbeta, mara keki ya mbuzi, nani sasa kasema lazima kuwe na mbuzi wawili