Mkono wa santuri hauchaguliwi kwa jina

Mjomba aliponiachia pleya yake ya santuri, Lenco L75, ilikuwa imekaa zaidi ya miaka kumi bila kupigwa. Niliikuta Newala juu ya kabati, imefunikwa kanga mbili, na pembeni yake kasha la santuri ambazo nilizijua kwa sauti kabla sijaweza kusoma majina yaliyoandikwa katikati yake. Kwetu mtoto wa dada ana sehemu yake kwa mjomba, na hii ndiyo iliyokuwa sehemu yangu. Niliishusha Mtwara kwa basi. Mashine ilikaa chini kwenye boksi, lakini ile sahani ya chuma yenye uzito wa karibu kilo nne niliipakata magotini njia nzima, kwa sababu ikipinda kidogo tu, basi, hakuna tena pleya.

Mota ilizunguka siku ileile nilipoitia mafuta. Waswisi walioitengeneza walijua kazi. Kilichokuwa kimekufa ni mkono, ule unaobeba sindano juu ya santuri. Anayeijua L75 anaujua ugonjwa huu: mkono wake unapanda na kushuka juu ya makali mawili kama ya kisu, na makali hayo yanalala kwenye vitalu viwili vidogo vya mpira vyenye mfereji wa herufi V. Mpira ule huzeeka hata kama pleya haijaguswa. Vya mjomba nilivigusa kwa ncha ya bisibisi vikamomonyoka kama ubani, vikaniachia unga mweusi kidoleni. Mkono ukawa unacheza huku na huku kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Hapo nikaanza kuuliza watu, na kila niliyemuuliza alinitajia jina. Huyu SME 3009, yule Rega, mwingine mkono wowote wa Kijapani wenye umbo la S. Hakuna aliyeniuliza unatumia sindano gani. Hakuna aliyeniuliza unapiga santuri za aina gani. Nasema wazi: kumchagulia mtu mkono bila kumuuliza maswali hayo mawili ni kumkatia mtu tanga kabla hujajua kama ana jahazi au ngalawa. Pale Mikindani hata mtoto anayecheza ufukweni atakwambia ngalawa ikipewa tanga la jahazi inakwenda wapi.

Nikanunua mkono mzito wa Kijapani uliotumika, kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeniapia kwamba "unakubali kila kitu". Hakuna mkono unaokubali kila kitu. Nikaufunga, nikaweka katriji niliyokuwa nayo (kile kijisanduku kinachoshika sindano), nyepesi ya gramu 6, yenye sindano laini. Sauti ikatoka, na kwa nusu dakika nilifurahi sana. Kisha nikatazama spika, ambayo nilikuwa nimeivua kitambaa cha mbele. Karatasi ya spika kubwa ilikuwa inatoka na kuingia polepole kama koo la chura, hata pale ambapo hakuna besi kabisa. Santuri ilipofika penye wimbi, sindano ikaruka.

Sasa nieleze kwa nini, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Sindano haisimami kwenye chuma kigumu. Inashikwa na kipande kidogo cha mpira ndani ya katriji, na mpira huo ni springi. Juu ya springi hiyo umekaa uzito: katriji, skrubu zake, na mkono. Uzito juu ya springi una mtetemo wake wa asili, kama lori tupu na lori la korosho yanavyoyumba tofauti kwenye shimo lilelile la barabara. Tunachotaka ni mtetemo huo uangukie kati ya hezi 8 na 12, yaani mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Chini ya hapo kuna mawimbi ya santuri iliyopinda na nyayo za watu wanaopita chumbani. Juu yake, kuanzia hezi 20, kuna muziki. Mtetemo wa asili unatakiwa ukae kwenye ule uwazi wa katikati ambao hauna mwenyewe.

Na kwetu huku chini ya uwazi huo pana fujo kuliko kwingine. Santuri iliyokaa miaka chini ya bati, kwa joto la Lindi au la Mtwara, inapinda. Kwa mwendo wa 33 na theluthi, sahani inazunguka zaidi kidogo ya nusu mzunguko kwa sekunde, lakini wimbi la santuri halichukui mzunguko mzima, kwa hiyo msukumo wake unafika hezi kadhaa. Mkono wenye mtetemo wa asili wa hezi 5 au 6 unaupokea msukumo huo na kuukuza.

Hesabu yake haihitaji chuo. Chukua uzito wa mkono (si ule wa kwenye mizani ya dukani, bali ule ambao sindano inausikia unaposogea, ambao mtengenezaji huuandika kwa gramu), ongeza katriji na skrubu. Zidisha kwa namba ya ulaini wa sindano. Tafuta kipeuo cha pili. Kisha gawanya 159 kwa jibu hilo.

Mkono wangu ulikuwa wa gramu 22 pamoja na kichwa chake, pale katriji inapofungwa. Katriji 6, skrubu 1, jumla 29. Ulaini 25. Mara hizo ni 725, kipeuo chake karibu 27, na 159 kwa 27 ni hezi 5.9. Koo la chura lile, kwa tarakimu. Ningekuwa na mkono wa gramu 8, sindano ileile ingefika hezi 8.2 na nisingeona kitu. Lakini angalia upande wa pili: mkono uleule mzito, na katriji ya uzito uleule ila yenye ulaini wa 10, unatoa hezi 9.3. Mkono haukuwa mbaya. Sindano haikuwa mbaya. Vilikuwa viwili visivyofaa kuoana.

Kuna mtego mmoja hapo umenasa watu wengi, hasa wenye katriji za Kijapani. Baadhi ya watengenezaji wa Japani huandika ulaini uliopimwa kwenye hezi 100, wakati hesabu hii inataka ule wa hezi 10, ambao ni mkubwa zaidi. Katriji ya Denon DL-103 imeandikwa 5 kwa kipimo cha hezi 100. Mtu akiingiza 5 kwenye hesabu, anaogopa anaiacha. Kwa kawaida unazidisha kwa moja na nusu hadi mbili, ndipo unapata picha ya kweli, na picha hiyo inasema DL-103 ni rafiki wa mikono mizito.

Mikono ina marika, na kwa maoni yangu hili ndilo wanaopenda pleya za zamani wanapaswa kulijua kabla ya jina lolote. Katriji ya Ortofon SPU ya Denmark ilitoka 1959, kichwa kizito, sindano ngumu, na mikono ya wakati wake ilikuwa mizito kwa makusudi. Kisha katika miaka ya sitini zikaja katriji kama Shure V15, nyepesi na laini, na kila mwaka laini zaidi, hadi mikono nayo ikakondeshwa ili kuzifuata. SME 3009 ya baadaye, ile iliyoboreshwa, ni mtoto wa mbio hizo. Leo katriji nyingi mpya zimerudi katikati, na mikono ya gramu 10 hadi 14 inazibeba vizuri. Pleya kama ya mjomba imeishi kwenye marika yote hayo. Kwa hiyo mtu anapokwambia "weka mkono wa enzi yake", muulize enzi ipi, na sindano ya rika gani.

Swali la pili ni santuri zenyewe. Kasha la mjomba lina santuri kubwa chache. Zilizojaa ni zile ndogo za inchi 7, mwendo wa 45, zilizofyatuliwa Nairobi, wimbo mmoja umekatwa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili. Muziki wetu mwingi wa dansi, pamoja na wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, ulitufikia hivyo. Santuri ndogo inaanzia pale ambapo kubwa imeshapita nusu ya safari, na inamalizia karibu kabisa na karatasi ya katikati. Huko ndani mistari inapita chini ya sindano kwa kasi ndogo, na kosa dogo la pembe linasikika kama mchanga kwenye sauti ya mwimbaji.

Mkono unaozungushwa kwenye egemeo moja hauwezi kuwa na pembe sahihi kila mahali. Una sehemu mbili tu ambapo kosa la pembe ni sifuri. Katika mpangilio wa katriji uitwao Baerwald, unaotumiwa na wengi, sehemu hizo ziko milimita 66 na 121 kutoka katikati. Ule wa Stevenson, wa 1966, unaziweka kwenye 60.3 na 117.4. Wapigaji wa santuri kubwa wanausema vibaya Stevenson kwa sababu unaongeza kosa katikati ya santuri. Mimi nautetea. Kwa mtu mwenye kasha la santuri ndogo, mahali pa kuwa sahihi ni kule mwisho, ambako ndiko gitaa la solo linakotawala na trumpeti zinakoingia. Ukiwa unachagua mkono, hakikisha kichwa chake kina nafasi ya kusogeza katriji mbele na nyuma ya kutosha kufika huko. Mikono mingine haina nafasi hiyo.

Kuhusu kuufunga, nina hasira na tabia moja. Watu wanachukua mashine iliyodumu nusu karne na kuipasua bati kwa grainda ili mkono mpya ukae. Msifanye hivyo. Kila mkono una umbali wake kutoka pini ya katikati hadi kwenye egemeo. Mikono ya Rega inataka milimita 222, SME 3009 inataka karibu 215, na kukosea milimita 2 kunaharibu kila kipimo kingine. Lakini umbali huo unaweza kuupata kwa ubao. Fundi mmoja wa kuchonga, Mmakonde anayefanya kazi pembeni ya barabara ya kwenda Mikindani, alinitengenezea ubao wa mpingo unaokaa juu ya tundu lilelile la zamani, bila kugusa bati. Nilimpa karatasi yenye vipimo, akaiweka pembeni, akaniomba nimletee pleya yenyewe. Alipima kwa kamba kutoka kwenye pini, akaweka alama kwa msumari, akarudia mara tatu. Nilipokuja kupima kwa rula ya chuma, sikupata kosa. Mpingo ni mti wetu, umejaa Kilwa na Liwale, unazama majini kwa uzito, na ulaya wanautengenezea klarineti. Chini ya mkono wa santuri unakaa kimya kabisa.

Wengine wanakushauri uuweke mkono kwenye kigingi chake peke yake, pembeni ya pleya. Kwenye L75 iliyo na springi zake za asili, hilo haliwezekani: sahani inayumba juu ya springi, mkono umesimama mezani, na sindano inapima tofauti kati ya viwili hivyo. Mkono na sahani lazima vikae juu ya kitu kimoja.

Yaliyobaki ni madogo. Ubao unainua mkono, kwa hiyo shusha egemeo hadi mkono ulale sambamba na santuri sindano ikiwa chini. Nyaya nne za kichwani, nyekundu na kijani ni za kulia, nyeupe na buluu za kushoto. Usichomee risasi kwenye pini za katriji, joto litaua nyuzi za ndani. Na kwa sisi wa pwani, vibanio vya nyaya hizo vinaota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi. Ninavisafisha kila baada ya miezi michache, maana upande mmoja ukianza kupotea watu hulaumu spika.

Sikununua mkono mwingine. Niliuza ile katriji laini kwa mtu mwenye mkono mwepesi, nikachukua ngumu. Siku niliyoifunga, binamu yangu alikuwa amekuja kutoka Masasi. Tuliweka santuri ndogo iliyokwaruzika, ile ambayo mjomba alikuwa akiipiga Jumapili baada ya kula, tukakaa tukitazama spika badala ya kusikiliza. Karatasi ilitulia. Wimbo ulipofika mwisho wa sehemu ya kwanza, karibu kabisa na katikati, sauti ya mwimbaji ilikuwa safi, na binamu akanyoosha mkono kuigeuza kabla sijamwambia.

Mkono wa zamani nimeufunga kwenye kanga ya mjomba, uko kabatini. Kuna karakana yenye mashine ya kukereza karibu na bandari, na wamekubali kunikatia vitalu viwili vya nailoni vyenye mfereji wa V. Nitawapelekea kipimo wiki ijayo.