Skrubu Moja Tu, Yakhe

Nimelea watoto watano, nimejenga nyumba tofali kwa tofali, nimesafiri na boti hadi Pemba wakati wa kusi na sikutapika. Leo wallahi, kilichonivunjia heshima mtaani ni skrubu isiyofika urefu wa kucha.

Gari yangu ni ya Kijapani, ya mwaka 1994, imenifikia mkono wa nne. Nakaa Mazizini, hapa Unguja, na upepo wa bahari mnaujua: bawaba unakula, bati unakula, baiskeli ukiisahau nje unakuja kuulizia mifupa. Kioo cha mlango wa abiria kikakataa kupanda, masika ndiyo hayo yanaingia. Bi mkubwa akawa anakwenda sokoni Darajani kakunjua mwavuli ndani ya gari. Watu wanasimama njiani, wananipa pole mimi!

Nikasema nitafungua mwenyewe. Kava la mlango linashikwa na vibanio vya plastiki na skrubu tatu. Mbili zilitoka bila ya maneno. Ya tatu imejificha ndani ya shimo la mkono wa mlango, pale pale maji yanapotuama. Sasa nitizameni nilivyo: mvua inaingia kwa sababu kioo hakipandi, mvua hiyo hiyo ndiyo iliyoiozesha skrubu, na kioo hakitengenezeki mpaka skrubu itoke. Hata nilipokwenda kutafuta cheti changu kilichopotea sikuzungushwa hivi.

Nikaingiza bisibisi ya nyota. Kru! Imeteleza. Nikakaza mkono. Kru! Mara ya tano nachungulia, ile nyota imeshakuwa mwezi mpevu.

Basi baraza zima likahamia kwangu, na vikombe vyao vya kahawa. Mmoja anasema kamulia ndimu, kutu haipatani na ndimu. Nikakamua, mlango ukanukia achari, skrubu haina habari. Mwengine akaleta kipande cha tyubu ya baiskeli, ati nikiweke baina ya bisibisi na skrubu kipate kung'ang'ania. Hiyo akili nzuri, sikatai, ila kwa skrubu iliyoliwa nusu. Yangu ilikuwa haina tena cha kung'ang'aniwa. Wa tatu, huyu simsamehe, akasema, "Ichomelee nati kwa juu, kisha uifungue kwa spana." Nichomelee wapi? Huku plastiki, huku kitambaa, huku sponji! Skrubu itoke, tubakie na mkaa?

Nikatia mafuta ya kulegeza kutu, nikayaacha yalale usiku kucha. Yalilala. Na skrubu ililala.

Asubuhi nikamwita fundi, kijana hata ndevu hazijakaa sawa. Akaishika bisibisi yangu, akacheka. "Ami, hii si nyota yake." Ati nyota ya Kijapani na hii tunayonunua madukani ni mbalimbali. Yangu ncha yake haikai mpaka chini, ukiizungusha kwa nguvu inajipandisha yenyewe na kusaga kichwa. Akanionesha zile mbili zilizotoka: kichwani zina kinukta kidogo, ndiyo alama yao. Miaka yote nikidhani kile kinukta ni uchafu.

Akasema ningeanza kwa kuigonga nyundo kidogo ili kutu ishtuke, kisha niikaze kidogo kabla ya kuilegeza, mwili wote uwe juu ya bisibisi. Lakini saa hizo kichwa kimeshakuwa kibakuli. Akachukua drili, akakitoboa kichwa chenyewe kikakatika, kava likachomoka, na shina lililobakia akalishika kwa koleo na kulizungusha taratibu. Likatoka! Kioo kumbe kimeacha reli yake tu. Kazi nzima dakika saba, shilingi elfu kumi na tano. Piga hesabu mwenyewe, ni elfu mbili na ushei kwa dakika.

Kanifungia kila kitu, akabakisha skrubu mpya ile ya tatu, kenda kuitikia simu ya mteja mwengine. "Ami, usiiguse, narudi."

Magharibi ikaingia, hajarudi. Mie tundu tupu silipendi. Nikaiweka skrubu taratibu, nikaizungusha kwa vidole mpaka ikashika. Imebaki kukazwa kidogo tu, kidogo kabisa, na bisibisi yangu ile pale.

Kru!

"Nini hicho?" bi mkubwa anauliza dirishani.

Nikamwambia mjusi.