Dodoso la uwajibikaji linampima nani?

Baadhi ya waajiri sasa humjazisha mwombaji kazi dodoso la haiba kabla ya usaili, na alama wanayoitazama kwanza ni ya uwajibikaji: kujipanga, kushika ahadi, kumaliza ulichoanza, kufikiri kabla ya kutenda. Kati ya zile tabia kuu tano ambazo wanasaikolojia hupimia haiba, hii ndiyo inayosifiwa zaidi mahali pa kazi.

Sifa hizo zina msingi. Mwaka 1991 watafiti Barrick na Mount walijumlisha tafiti 117 wakakuta kwamba uwajibikaji unahusiana na utendaji katika makundi yote ya kazi waliyoyaangalia, polisi, mameneja, wauzaji na mafundi wakiwemo. Kundi la watoto wa California lililoanza kufuatiliwa mwaka 1921 lilionyesha kwamba waliokuwa makini utotoni waliishi muda mrefu zaidi. Mwajiri anayetaka mtu wa namna hiyo anataka kitu cha maana. Shida ni kuamini kwamba karatasi ile itamletea.

Uhusiano uliopatikana mwaka 1991 ulikuwa takriban 0.22, kwenye kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda sambamba bila kupishana. Na hiyo ni baada ya kusahihisha kasoro za upimaji. Namba ghafi ni ndogo zaidi. Zidisha 0.22 kwa 0.22, unapata kama asilimia 5: hiyo ndiyo sehemu ya tofauti za utendaji kati ya mtu na mtu inayoelezwa na uwajibikaji. Nyingine zote zinatoka kwingine: ujuzi, vifaa, msimamizi, mshahara unaochelewa, foleni ya kutoka Chanika hadi Posta.

Tuirudishe kwa watu. Chukua wafanyakazi 100 ambao alama zao za uwajibikaji ziko juu ya wastani. Kwa uhusiano wa 0.22, kama 57 kati yao watafanya kazi juu ya wastani na 43 chini yake. Ukirusha sarafu ungepata 50. Saba wa ziada si haba kwa kampuni inayoajiri maelfu, na hapo watetezi wa dodoso wana hoja. Lakini mwenye duka anayetafuta mtunza stoo mmoja hana maelfu. Ana huyu mmoja, na akimkataa kwa alama tu, uwezekano wa kwamba amemfukuza mtu mzuri ni mkubwa mno.

Tena hapo tumechukulia kwamba alama yenyewe ni sahihi. Watafiti Laajaj na Macours walipowapima wakulima wa magharibi mwa Kenya, vipimo vya uwezo wa akili vilishika vizuri, ila vya haiba viliyumba, na sababu mojawapo ni mazoea ya kukubali kila kauli inayosomwa. Mgeni amekuja na karatasi, utambishia?

Tazama linavyotokea. Kuna dodoso maarufu lenye kauli tisa za uwajibikaji: tano za kusifu ("humaliza kazi yake kikamilifu") na nne za kinyume ("huwa mvivu"), kila moja ikijibiwa kwa 1 hadi 5. Anayeandika 5 kila mahali anapata 25 kwenye tano za kwanza. Zile nne hugeuzwa, 5 inakuwa 1, kwa hiyo anapata 4. Jumla 29, wastani 3.2: mtu wa kawaida. Sasa ofisi ikiondoa kauli za kinyume kwa kuwa "zinachanganya watu", mtu yuleyule anapata 5.0 na kuongoza orodha. Na anayesaka ajira, hata akielewa kila neno, nani ataandika kwamba yeye ni mvivu?

Kwa nafasi ya stoo, mpigie aliyemsimamia zamani na uulize jambo lenye jibu moja: mara ya mwisho alipohesabu mali, leja ilipishana na rafu kwa kiasi gani? Wasailiwa wote waulizwe maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, na alama ziandikwe kabla ya kumwita anayefuata. Kisha kila mmoja apewe leja ya mwezi mmoja yenye makosa matatu uliyoyapanda mwenyewe, na saa moja ya kuyatafuta. Na nauli yake mlipe.