Mnunuzi Asiyepatana Bei

Baba alipofariki alituachia mashua, na mashua ikatuachia gharama. Kila mwaka pamba ya kalafati ya kuziba nyufa, kila mwaka mafuta ya sifa na deheni ya kupaka chini, kila mwaka fundi anagonga ubao mmoja na kusema, "Huu bado mzima," kwa sauti ya daktari anayetaka urudi wiki ijayo. Mimi ni mwalimu, bahari naijua kwa kuitazama. Dada yangu ana duka hapa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, na mdogo wetu ameolewa Mombasa, ambako anaishiriki mirathi kwa kupiga simu na kuuliza kwa nini tunachelewa. Tukaamua kuuza.

Kugawana hakukuwa na ubishi. Mimi mafungu mawili, wao fungu moja moja, sheria imekwisha kusema. Ubishi ulikuwa pesa zitatufikiaje mkononi bila kuibiwa njiani. Hapo ndipo akaitwa ami, karani wa forodha mstaafu, mtu ambaye kazini kwake hakuwahi kumwamini yeyote aliyetabasamu.

Tulianza na simu. Mwaka ule, 2019, M-Pesa haikuruhusu kutuma zaidi ya shilingi 70,000 kwa mara moja, wala 140,000 kwa siku, na akaunti yenyewe haikushika zaidi ya laki moja. Mashua tuliitia bei ya 640,000.

"Kwa hiyo," ami akasema, "Jumatatu atachukua usukani, Jumanne mlingoti, Jumatano tanga."

Dada hakutaka hata kucheka. Yeye alikwisha kuuza mchele, sukari na mafuta ya kupikia kwa kijana mmoja mpole aliyemwonyesha kwamba pesa zimetumwa, na kweli ujumbe ukaingia kwenye simu ya duka, herufi na tarakimu zote mahali pake, mpaka salio. Ila ulitoka kwenye namba ya mtu, haukuandikwa MPESA juu, na salio lililotajwa halikuwa la dada bali la mtu tajiri zaidi. Hayo aliyaona jioni, mchele ukiwa umeshaiva nyumba nyingine. Tangu siku hiyo amebandika karatasi mlangoni: HATUPOKEI UJUMBE, TUNAPOKEA PESA.

"Na hata zikiingia za kweli," akaongeza, "mtu anaweza kupeleka ule ujumbe kwa 456, namba ya kampuni ya simu, akasema alikosea namba. Wakazishikilia mpaka usuluhishwe. Wewe usuluhishwe, mashua iko Kiunga."

Nikaleta hoja ya hundi. Nikawaambia kuandika hundi isiyo na pesa nyuma yake ni kosa la jinai, kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu. Nilijivunia kidogo kukijua.

"Vizuri sana," ami akasema. "Yeye atakuwa jela, mashua itakuwa Kismayu, na wewe utakuwa na kifungu."

Hatimaye nikapendekeza tukutane na mnunuzi ndani ya benki, mjini Amu (Lamu), aweke pesa kaunta mbele yetu, karani wa benki azihesabu na kuzikagua, ndipo tutie sahihi na kumkabidhi cheti cha chombo. Hilo lilikubaliwa na wote. Ami aliliandika kwenye daftari na kulipigia mstari kwa rula. Halikufanyika.

Mnunuzi alitujia Jumamosi, tarehe 28 Septemba, baada ya adhuhuri, wakati benki za Amu zimeshafunga. Alikuwa mzee wa Kizingitini, mfanyabiashara wa kamba mawe, mwenye kofia safi na kikapu kikubwa cha ukindu kilichoshonwa mdomo. Aliizunguka mashua mara moja. Hakugonga ubao. Hakuuliza mkuku umeshika maji au la.

"Bei gani, mwanangu?"

"Laki sita na arubaini, mzee."

"Mashallah. Nachukua."

Kimya kikaanguka pwani nzima. Wale mafundi waliokuwa wakipiga misumari kwenye jahazi la jirani wakaacha nyundo. Pwani hii mtu hupatana bei hata ya fungu la mchicha. Tulikuwa tumeitia laki sita na arubaini ili tushuke mpaka tano na themanini kwa heshima, na ami alikuwa amejiandaa kukasirika mara mbili na kuondoka mara moja. Sasa hana pa kukasirikia.

Akanivuta kando. "Huyu mwizi."

"Ameibaje, ami, na yeye ndiye anayetoa?"

"Sijui bado. Ndiyo inayonitisha."

Tukamwambia mzee mpango wetu wa benki. Akasema kwa upole kwamba benki ni Jumatatu, na yeye anataka kuondoka na maji ya jioni; ilikuwa bamvua, maji makubwa, yanajaa saa kumi na kitu, na kijana wake yuko tayari na dizeli. Kisha akaufumua mdomo wa kikapu.

Zilikuwa noti za elfu moja, zimefungwa mia mia kwa nyuzi za mshipi. Zote za zamani.

Asiyekuwapo Kenya mwaka ule lazima aelezwe. Tarehe 1 Juni, siku ya Madaraka, Narok, gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, alitangaza noti mpya, na kwamba noti ya elfu ya zamani itakoma kuwa pesa tarehe 30 Septemba. Zile ndogo, hamsini mpaka mia tano, zingeendelea. Ya elfu tu ndiyo iliyohukumiwa. Redio ikatukumbusha kutwa kucha, na kila mwenye sanduku chini ya kitanda akaanza kulala vibaya. Asiye na akaunti alibadilishiwa benki ikiwa pesa zake hazizidi milioni moja. Zikizidi, safari ya Benki Kuu na maelezo ya zilikotoka. Ukweli wa yule mzee ulikuwa hapo, ingawa sisi tuliujua baadaye: alikuwa na zaidi ya milioni. Alihitaji kitu cha laki kadhaa, haraka, ili zilizobaki zipite mlangoni. Mashua yetu ilikuwa na urefu unaofaa.

"Hizi ni halali?" dada akauliza.

"Halali kabisa," ami akajibu, "mpaka Jumatatu."

"Na Jumanne?"

"Jumanne ni picha za Mzee Kenyatta."

Ningeweza kusema tungekataa. Lakini mtu amekuletea bei yako yote, hakupunguza hata shilingi, na dada alikuwa ameshakaa juu ya kikapu. Mara zote alisema pesa ni ile unayoweza kuikalia, na leo ilikuwa chini yake. Tukahesabu. Ami alichukua noti moja baada ya nyingine, akaiinua kwenye jua kutafuta kichwa cha simba, akaipapasa, akainusa. Alidai noti bandia ina harufu ya gundi. Hizi zote zilinuka kamba. Hati ya mauziano ikatiwa sahihi nakala mbili, mdogo wetu akakubali kwa simu mbele ya mashahidi, na saa kumi na nusu mashua ya baba ikapita mikoko ikaenda zake. Nilisikitika kidogo, nitasema kweli, kisha nikakumbuka deheni.

Jumapili tuliipitisha tukilinda. Dada hakutoka kwenye kikapu ila kwa swala. Ugali ulimfuata pale pale. Watoto walikuja kumtazama.

Shauri letu lilikuwa kuondoka Jumatatu na boti ya alfajiri, wakati maji bado yamejaa, tuwe mlangoni benki ikifungua. Ami alikuja saa tisa usiku na tochi ili zihesabiwe mara ya mwisho. Zikatoka 639. Tukarudia. 639. Mkeka ukakung'utwa, kitanda kikavutwa, mpwa wangu wa miaka minne akahojiwa. Ami alitaka apekuliwe kila mtu isipokuwa yeye, kwa kuwa yeye ndiye mpekuzi. Tulipokata tamaa na kukubali hasara ya elfu moja, boti ilikuwa imeondoka na maji yalikuwa yanakimbia.

Hapo ndipo nilipoangalia pwani na kuelewa. Bamvua likijaa sana hukupwa sana. Kufikia saa nne mbele ya Matondoni palikuwa matope matupu mpaka mkondoni. Chombo pekee ambacho tungeweza kukisukuma usiku ule, tukaondoka saa tuliyoitaka wenyewe, tulikuwa tumekiuza.

Ikabaki njia ya nchi kavu. Jirani akatuazima punda.

Wazo la papa mkavu lilikuwa la dada. Alisema mwizi atapekua kila kitu, ila hatapekua papa mkavu, kwa hiyo laki sita na thelathini na tisa zikalala chini ya shogi, ule mfuko wa mizigo mgongoni mwa punda, na juu yake papa wa kutosha kuozesha harusi mbili. Ami akatangulia na fimbo. Mimi nikashika kamba. Dada akaja nyuma akisoma dua kwa sauti ambayo kila mkulima njiani aliisikia na kuuliza nani amefariki.

Jirani hakutuambia kwamba punda wake kazi yake ni kubeba mchanga na mawe. Kila palipokuwa na nyumba inayojengwa, yule mnyama alisimama, akaangusha masikio, akangoja kushushwa mzigo. Viboko havikumgusa moyo. Alijua majukumu yake. Kwenye nyumba moja karibu na mji kibarua alitoka mbio, akasalimia, akashika shogi kwa mikono miwili tayari kumwaga.

"Acha!" Tulipiga kelele watatu kwa pamoja.

"Si mchanga?"

"Papa," ami akasema.

"Mnajengea papa?"

Tukamwachia vipande viwili ili asifikirie zaidi.

Tulipoingia Amu, matatizo mengine yakatupokea. Anayeujua mji ule anawajua paka wake. Wa kwanza alitoka chini ya baraza akatufuata bila kusema neno. Kwenye vichochoro wakaongezeka, wembamba, masikio makubwa, mikia juu. Tulifika mbele ya benki tukiwa na punda, mzigo unaonuka, na msafara wa paka, ile siku tuliyokubaliana tusivutie macho ya mtu.

Foleni ilikuwa mpaka nje. Kila mtu amekumbatia mfuko na kila mtu anajifanya umejaa mboga. Nitawasifu watu wa benki: walikuwa na subira. Askari alikubali shogi liingie lakini si papa, kwa hiyo tulifanya uhamisho pale ngazini, noti zikaingia kwenye mtandio wa dada, paka wakapata urithi wao. Zamu yetu ilipofika, karani alivuta pumzi, akaiacha, akanitazama.

"Pesa hizi za nini, mwalimu?"

"Mashua."

"Sio za samaki?"

Ami akatoa hati ya mauziano kutoka kwenye bahasha, akaikunjua na kuanza kuisoma kutoka "Bismillahi". Karani akasema inatosha. Mashine ikazihesabu zote kwa muda ambao ami hutumia kutafuta miwani yake: 639. Ami akaomba irudie. Ikarudia. Hakuna bandia hata moja. Pesa zikaingia kwenye akaunti yangu, nikapewa stakabadhi yenye muhuri, na simu yangu ikatoa mlio.

"Benki wamenitumia ujumbe," nikamwambia dada kwa furaha, "zimeingia."

Dada alinitazama. "Ujumbe?"

Akarudi dirishani. Hakuondoka mpaka karani alipomwandikia salio kwa mkono kwenye kipande cha karatasi na kukigonga muhuri.

Punda tulimpa kijana wa Matondoni amrudishe, sisi tukashuka gatini kutafuta chombo. Jua limeanza kulala, maji yamejaa tena. Vyombo vingi vimeshajaa watu. Mwisho wa ngazi ilikuwepo mashua moja yenye nafasi. Niliitambua kwa ubao wa tatu kutoka mbele, ule ambao bado mzima.

Yule mzee wa Kizingitini alikuwa amekaa usukani, kikapu chake pembeni kimelegea. Alikuwa ametoka benki nyingine kubadilisha zilizobaki, laki tisa na kidogo, bila kuulizwa mengi.

"Karibuni, karibuni! Matondoni napitia. Mia mbili mbili tu."

Ami, kwa ukarimu wa mtu ambaye hajatumia chochote kutwa nzima, akasema nauli ni yake. Akatia mkono ndani kabisa ya mfuko wa kanzu, ile aliyoivaa Jumamosi. Mkono ukakaa huko. Uso wake ukabadilika. Ulipotoka ulikuwa na noti ya elfu moja ya zamani, imekunjwa vizuri mara mbili, ile aliyoitenga ainuse zaidi baadaye.

Dada hakusema kitu. Ilikuwa mbaya kuliko angesema.

Mzee akaipokea, akaikunjua, akaiinua kwenye mwanga, akamrudishia.

"Hii ya zamani, bwana. Mimi sitaki."

"Si yako mwenyewe hii!"

"Ndiyo maana naijua."

Ami akaitazama saa yake, akautazama mji, ambako milango ya benki ilikuwa imefungwa. Baadaye gavana alitangaza kwamba noti milioni 7.4 hazikurudi. Moja ninaweza kumwonyesha ilipo.

"Mna simu?" mzee akauliza. "M-Pesa napokea."

Mimi na ami tulikuwa tumeishiwa na salio la kila aina, kwa hiyo dada ndiye aliyetuma, akibonyeza kila tarakimu kwa kidole kimoja. Simu ya mzee ikalia kiunoni. Hakuitoa. Akaanza kufungua kamba.

"Ngoja!" dada akapaza sauti, akasimama katikati ya mashua mpaka ikayumba. "Hujaangalia nani ametuma. Toa simu, angalia salio lako kwanza, ndipo tuondoke."

"Dada yangu, mia sita tu."

"Angalia salio."

Akaliangalia.