Kima cha chini California: nani analipia chuoni?

Tangu Januari 2026, kima cha chini cha mshahara katika jimbo la California ni dola 16.90 kwa saa. Mwaka 2016 kilikuwa dola 10. Kile cha serikali kuu ya Marekani hakijatoka kwenye dola 7.25 tangu 2009. Vyuo vikuu vya jimbo hilo vinategemea vibarua vya wanafunzi katika mabwalo, maktaba na mabweni, kwa hiyo ongezeko hili linawagusa moja kwa moja.

Wanaoliunga mkono husema mfanyakazi ananufaika. Wanaolipinga husema bajeti inaumia. Wote wana ukweli, ila inategemea mshahara unatoka fungu gani.

Tuseme mwanafunzi Mmarekani amepangiwa dola 3,000 kwa mwaka katika mpango wa serikali kuu wa kazi za wanafunzi, ambao kwa kawaida huchangia hadi asilimia 75 na chuo kinamalizia. Jimbo likipandisha mshahara, fungu hilo haliongezeki. Kwa dola 10 angefanya kazi saa 300. Kwa dola 15, saa 200 tu, fungu limekwisha. Mfukoni hajaongeza hata senti, lakini amepata saa 100 za kusoma au kulala, na kwangu hiyo ni faida kubwa. Maktaba nayo imepoteza saa 100 za mtu wa kupanga vitabu kwenye rafu.

Mwenzake aliyetoka Nairobi au Mwanza kwa viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, hayumo katika mpango huo. Wakati wa masomo anaruhusiwa kufanya kazi chuoni saa zisizozidi 20 kwa wiki. Hawezi kujiongezea zamu. Nafuu yake ni saa ile ile ilipwe zaidi. Kutoka dola 10 za 2016 hadi 16.90 za sasa, wiki yake ya saa 20 imetoka dola 200 hadi 338 kabla ya kodi. Anayesugua masufuria ya bwalo hadi usiku, na asubuhi ana mtihani, anajua maana ya tofauti hiyo. Lakini analipwa na fungu la idara, na idara ikibanwa hakuna haja ya kumfukuza mtu: akihitimu, nafasi yake haijazwi.

Halafu kuna karani wa miaka kumi anayepata dola 19. Mgeni wa jana sasa yuko karibu kumfikia. Kumpandisha na yeye ni gharama isiyoandikwa kwenye sheria, na kumwacha hapo ni kumvunja moyo.

Hata hivyo, chuo kinachodai kimeshtukizwa sikielewi. Ngazi za kufikia dola 15 zilipitishwa 2016. Chuo Kikuu cha California, chini ya rais wake Janet Napolitano, kilitangulia: 2015 kilitangaza dola 13, kisha 14, kisha 15 ifikapo Oktoba 2017, wakiwemo wafanyakazi wa wakandarasi. Kiliwaacha wa chini ya saa 20 kwa wiki, yaani wanafunzi wengi, na hapo kilikosea.

Lawama yangu kubwa naielekeza kwa wanaopitisha bajeti ya jimbo. Wakipandisha mshahara bila kuongeza ruzuku, pengo linahamia kwenye ada na bei ya chumba na chakula, na anayeosha sahani za bwalo ndiye huyo huyo anayelipia kula humo.